Mika Wawili wa Makambako

Sehemu ya Sita

Hakugeuka.

Hicho ndicho kitu cha kwanza Esnath alichokiona, na kilikuwa kidogo mno hata karani aliyekuwa akiita hakukijali.

Mtu akiitwa jina lake hugeuka. Awe amechoka, awe amenuna, shingo yake itamsaliti tu. Lakini yule kijana wa ovaroli ya bluu aliitwa, "Mika! Mika Mwalongo!" mara mbili nzima, naye akaendelea kufuta vumbi kwenye buti lake kana kwamba anaitwa mtu wa Songea. Mara ya tatu msimamizi alimgusa bega. Ndipo akashtuka, akaenda kusaini.

Aliyegeuka mara ya kwanza kabisa ni Esnath. Mika Mwalongo ni mume wake wa ndoa, na saa ile, Alhamisi saa nne asubuhi, mume wake alikuwa sokoni Makambako amebeba viazi begani.

Mnakumbuka alivyosimama? Kreti ya parachichi mikononi, mguu mmoja ndani ya mstari wa njano ambao wachumaji hawaruhusiwi kuuvuka, macho yameganda kwenye kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwa mtu asiyemjua. Esnath aliachia shule darasa la tano. Kusoma kwake ni kwa kuokota herufi moja moja kama anayechambua mchele. Lakini jina lile halikumsumbua, maana alijifunza kuliandika tangu hajaolewa.

MIKA OBED MWALONGO. FUNDI UMEME. CHUMBA CHA BARIDI.

Na msimamizi Anderson, mtoto wa mjomba wake Mika, alikuwa amemwona anasoma.

"Shemeji," Anderson alisema, kwa sauti ile ile anayosomea matangazo kanisani. "Umepotea njia?"

"Nimeleta kreti."

"Kreti zinaishia kwenye mstari. Huku ni kwa wenye buti nyeupe. Wewe una nini miguuni?"

Esnath akatazama miguu yake. Kandambili, moja imeshonwa kwa waya. Vijana wa mizani wakacheka.

"Kuna mtu anaitwa Mika," alisema, taratibu hata hakuwa na hakika kama sauti imetoka.

"Majina yanafanana, shemeji. Hapa Makambako ukirusha jiwe unampiga Mika."

Wakacheka tena. Esnath alitaka kuuliza: na la baba linafanana? Na la ukoo? Lakini ulimi wake ulikuwa na tabia ya kulala kila alipouhitaji. Akainama kuweka kreti chini. Anderson akainama naye, karibu, mpaka akasikia harufu ya chai ya tangawizi kinywani mwake.

"Nafasi za kuchuma ni thelathini," alimnong'oneza. "Nje ya geti wamesimama wanawake zaidi ya mia, wanasubiri mmoja wenu aumwe. Usiumwe, shemeji."

*

Kama umetukuta njiani leo, hii ndiyo safari yetu.

Mika alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha mbao Mafinga, mkoa wa Iringa. Mwezi wa kumi na moja kiwanda kilifunga mlango, watu mia mbili wakatoka kwa siku moja. Akazunguka kutafuta kazi mpaka soli ya kiatu ikaisha. Kila mlango una watu arobaini mbele yake, wengine wana digrii.

Aprili, Anderson akapiga simu. Njooni Makambako. Huku mkoa wa Njombe parachichi limewaka, viwanda vinafunguliwa, nafasi ipo. Wakapanda Fuso: Mika, Esnath, watoto wawili, mama mkwe Yunisi, na kuku wanne kwenye tenga. Kitanda kikubwa na ng'ombe wa mama mkwe vikabaki kwa mnunuzi. Timoth akatolewa darasa la pili katikati ya muhula.

Siku waliyofika, Anderson alileta fomu na kidau cha wino. "Weka dole gumba hapa, na hapa. Ni maombi tu ya kazi. Cheti tutaleta baadaye." Mika akaweka. Tangu siku hiyo jibu likawa moja: subiri.

Wakasubiri miezi miwili. Fundi akawa kuli wa viazi. Mkewe akawa mchumaji wa parachichi. Na Esnath, kwa kumshukuru Anderson kwa kuhangaika, alipiga magoti sebuleni kwake akamkabidhi kuku wake anayetaga. Anderson alimpokea kuku yule bila aibu, akauliza kama anataga kila siku.

Kuku yule ndiye aliyemchoma Esnath njia nzima akirudi nyumbani siku ile ya Alhamisi. Si viazi, si kitanda. Kuku. Amenila, alijiambia. Amenila mpaka kuku wangu.

*

Wanaishi chumba kimoja karibu na reli. Saa kumi Mika aliingia, bega limechubuka, mama yake yuko mlangoni anachambua maharage. Esnath alikuwa hajawahi kusema maneno mengi kwa mpigo. Siku hiyo aliyasema yote akiwa amesimama.

"Rudia jina," Mika alisema.

Akalirudia. La kwake, la baba, la ukoo.

Mika akakaa kwenye ndoo. "Mwezi uliopita, pale Njombe mjini nilipopeleka maombi, yule dada wa kompyuta aliingiza namba yangu ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Akaniambia, 'Kaka, wewe una kazi Makambako, unatafuta nyingine ya nini? Waachie wenzako.' Nikacheka. Nikadhani kompyuta imekosea."

"Haikukosea," Yunisi alisema. Maharage yalikuwa yamesimama mikononi mwake. "Mtoto wa kaka yangu! Nimembeba mgongoni huyo. Amejisaidia mgongoni mwangu huyo!"

"Mama."

"Niache. Leo nimegundua hakuwa ameacha."

Hata Mika alicheka, kicheko kimoja kikavu. Kisha akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa bahasha ya kaki alimokuwa akitunza cheti chake cha ufundi. Ndani mlikuwa na karatasi. Akaigeuza juani. Muhuri ulikuwa mweusi badala ya bluu.

"Hii ni fotokopi," alisema. "Halisi kiko wapi?"

"Utingo wa Fuso!" Yunisi aliruka. "Yule aliyekaa juu ya mizigo. Macho yake sikuyapenda tangu Nyololo."

Esnath akakoroga ugali. Ulikuwa umeshaiva.

"Jumatatu mwenye kiwanda anakuja kutoka Njombe," Mika alisema mwishowe. "Nitamsubiri getini, nimweleze kistaarabu. Mpaka hapo msiseme neno."

Kistaarabu! Ndugu msomaji, Esnath hakutaka ustaarabu, wala hakutaka Jumatatu. Alitaka Anderson aumie kesho.

*

Kesho yake wachumaji wa kiwanda walikuwa shamba la Kichiwa. Baridi ya Juni ilikuwa imekaa kwenye majani kama chumvi.

Parachichi la kusafirishwa halivutwi. Linakatwa kwa mkasi, na kikonyo kinaachwa kidogo, kama kifungo cha shati. Siku yake ya kwanza Esnath aliyanyofoa kwa mkono kama tunavyochuma ya kula nyumbani, shamba zima likamcheka. Mwenzake Conjesta, mwanamke wa Manda kule ziwani, ndiye aliyemfundisha: kikonyo kiking'oka panabaki tundu, na uozo unaingilia hapo. Kwa nje tunda linang'aa kama bibi harusi. Likifika ng'ambo, limekuwa uji.

Asubuhi ile Esnath alikata tunda vizuri kwa mkasi. Akatazama kushoto na kulia. Akang'oa kikonyo.

Hiki ni kitanda changu, alisema moyoni.

Akang'oa cha pili. Hili ni darasa la Timoth. Cha tatu. Hili ni bega la Mika. Cha nne kilikuwa cha kuku, nacho alikizungusha kabla ya kukivuta, ili kiumie zaidi. Alikuwa kwenye tunda la tisa, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili alijisikia joto mwilini, mkono ulipomkamata kwenye kifundo.

"Mama Timoth! Una wazimu?"

Alikuwa Conjesta. Esnath hakuvuta mkono.

"Acha yaoze," alisema. "Acha Anderson aende kueleza."

"Anderson aeleze? Anderson anaandika, haandikwi! Mzigo ukioza anaandikwa fundi wa chumba cha baridi. Na kwenye daftari, fundi wa chumba cha baridi ni nani?"

Esnath akalitazama lile tunda la tisa. Alikuwa anamwozesha mume wake mwenyewe, tunda baada ya tunda.

"Na bado hujasikia," Conjesta aliendelea. "Mzigo wa wiki jana umekataliwa bandarini. Umelainika wote. Chumba kilizima siku mbili, yule Denis akawa anakizunguka tu kama kondoo. Hata usipa, dagaa wa kwetu Manda, wanaijua baridi kuliko yeye."

"Denis ni nani?"

"Huyo huyo anayeitwa Mika. Denis, mdogo wake mke wa Anderson. Kiwanda kizima kinajua."

"Kiwanda kizima kinajua? Mbona hamkusema?"

Conjesta aliachia mkono wake. "Tuseme, halafu twende wapi? Kwetu nyavu zinatoka maji matupu. Nina wanne nyumbani. Wewe ungesema?"

Esnath aliutazama mkasi wake. Hakuwa mtu wa kumlaumu mwingine kwa kunyamaza.

"Dereva wa Fuso la kiwanda ameniambia sasa hivi," Conjesta alisema, sauti imeshuka. "Bosi hakungoja Jumatatu. Amekuja leo. Na difenda ya polisi ilikuwa nyuma yake."

Esnath aliyatoa yale matunda tisa kwenye kreti, akayatupa kwenye shimo la mbolea. Fuso lilipoondoka, alikuwa amekaa juu ya mzigo, mkasi bado mkononi.

*

Sokoni hakumkuta Mika. Alikuta gunia lake la rumbesa, lililojazwa kupita mdomo, limesimama peke yake katikati ya njia, na mama wa nyanya ameshika kiuno.

"Mumeo? Wamemchukua sasa hivi. Walisoma namba ya kitambulisho chake, wakampiga pingu. Mbele za watu, mama! Kama mwizi wa ng'ombe."

Esnath alikimbia. Kandambili ile ya waya ilikatika njiani, akaiacha.

Kiwandani kazi ilikuwa imesimama. Wafanyakazi arobaini na zaidi walipangwa ukutani. Katikati ya uwanja alisimama Mama Fidelia, mwenye kiwanda, mwanamke mnene wa sweta ya sufu na kitenge, uso umekunjamana. Karibu naye sajenti wa polisi. Mbele yao Mika, vumbi la viazi nywele nzima, pingu mikononi. Na Anderson, na faili lake.

Denis hakuwepo. Tangu alfajiri alikuwa ameondoka, ati amekwenda msibani.

"Ndiye huyu, mama," Anderson alikuwa akisema. "Fundi wetu tangu Februari. Mzigo ulipoharibika akaona atoroke, akajificha kwenye viazi huko sokoni."

"Anderson!" Mika aliita. "Anderson, mimi?"

"Unaniita kwa jina leo? Si ulikuwa unaniita bosi?"

"Sijawahi kukanyaga humu ndani maishani mwangu!"

Mama Fidelia akawageukia waliopangwa ukutani. "Nyinyi mnafanya kazi naye. Huyu ndiye fundi wenu, au siye?"

Watu arobaini walitazama buti zao nyeupe. Kila mmoja alikuwa anawaona wale wanawake wa nje ya geti, wale mia na zaidi, wanaosubiri mtu aumwe.

"Kumbe ni yeye," Mama Fidelia alisema. "Mchukueni."

Esnath akavuka mstari wa njano. Mguu mmoja kandambili, mguu mmoja peku.

"Mama."

"Nani huyu?"

"Ni mchumaji tu, mama," Anderson aliwahi. "Hana akili nzuri. We, rudi nyuma!"

Hakurudi. Hakumtazama bosi, maana angeshindwa. Alimtazama sajenti.

"Afande," alisema, "wewe unaimba kwaya."

Mtu mmoja ukutani akacheka. Sajenti akajikohoza. "Naimba. Inahusiana nini na hapa?"

"Mstari wa nyuma. Sauti ya nne."

"Dada, niko kazini."

"Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka tulisimamishwa mbele ya usharika. Ulituona. Nani alisimama na sisi?"

Sajenti akamtazama Mika vizuri, kama anamwona leo. Akamtazama Esnath. Kisha macho yake yakaenda taratibu mpaka kwa Anderson, yakatua.

*

Nyinyi mliokulia Njombe mnajua jambo hili. Kwa wengine nalieleza. Mlutheri hahami kama anayehamisha mbuzi. Anatoka na barua ya usharika, kanisa lake la zamani, na huko aendako barua inasomwa mbele ya watu, naye anasimama, na mwenyeji wake anasimama ubavuni kumtambulisha.

Yunisi aliipeleka barua ile kwa mchungaji kabla sufuria hazijashuka kwenye Fuso. Anderson alijaribu kumzuia. "Shangazi, pumzikeni kwanza, hata mwezi ujao." Yunisi akamjibu, "Nipumzike bila usharika? Nikifa kesho nitazikwa na nani?" Na mwenyeji wao alikuwa nani, kama si Anderson, mzee wa kanisa? Angekataa, usharika mzima ungeuliza kwa nini. Akasimama, tai shingoni, mkono begani mwa Mika.

*

"Alisemaje, afande?" Esnath aliuliza. Sauti yake sasa ilikuwa inasikika mpaka kwenye mizani.

Sajenti alikuna shingo. "Alisema... huyu ni mtoto wa shangazi yangu, Mika Mwalongo. Fundi umeme. Ametoka Mafinga, hana kazi."

"Halafu?"

"Halafu akaomba. Sala ndefu. Mungu amfungulie ndugu yake mlango wa kazi." Akasita. "Mimi mwenyewe niliitika amina."

"Ilikuwa mwezi gani?"

"Si mwezi wa nne? Tulikuwa bado kwenye nyimbo za Pasaka."

Mama Fidelia akanyoosha mkono, akachukua faili kwa Anderson bila kuomba. Akalamba kidole, akafunua.

"Fundi ameanza kazi Februari," alisoma. Akainua uso. "Anderson. Aprili ulikuwa unamwombea kazi mtu uliyekwisha kumwajiri Februari?"

Anderson akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Kumbuka, msomaji, mtu huyu husoma matangazo kila Jumapili bila kukwama hata koma. Esnath alimtazama akikosa neno, na ule utamu ukapanda kutoka tumboni mpaka kwenye masikio. Alitamani mama mkwe awepo. Alitamani hata yule kuku awepo.

"Fundi ni Denis!" sauti ilipasuka kutoka ukutani.

"Shemeji yake!" mwingine akadakia.

"Kitambulisho ni cha jina tu, mama! Huyu wa pingu hatumjui!"

"Alikuwa anaitwa hageuki!" karani alipiga kelele, kana kwamba yeye ndiye aliyeona.

Watu arobaini waliokuwa mabubu sasa hawakunyamazika. Sajenti akatoa ufunguo wa pingu mfukoni, akamsogelea Mika.

"Ngojeni!"

Alikuwa Anderson. Alikuwa ametoa leso, anajifuta jasho, na alipoishusha uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa na unyenyekevu. Esnath aliuogopa uso ule kuliko wa kwanza.

"Mama, nimekosa," alisema. "Nakiri. Denis ndiye aliyekuwa fundi. Lakini mimi si mwizi. Jina hili sikuliiba, nilikodishwa. Huyu ndugu yangu alikuwa hana kazi, akanipa cheti na jina, tukakubaliana. Leo pamechafuka ananikana. Tazama dole gumba hili. Muulize kama si lake."

Mama Fidelia akamwonyesha Mika karatasi. "Ni lako?"

"Ni langu," Mika alisema. "Nililiweka Aprili. Aliniambia ni maombi ya kazi."

"Maombi!" Anderson alitikisa kichwa kwa huzuni. "Na cheti je? Cheti halisi, chenye muhuri wa bluu, kimo humo kwenye faili tangu Februari. Kilitoka Mafinga kwa miguu?"

Mama Fidelia akafunua. Kilikuwemo.

"Ulimpa?"

"Sikumpa, mama. Haki ya Mungu."

"Kilikuwa wapi?"

"Sandukuni mwangu. Nilikuwa nalifunga kwa kufuli."

"Na ufunguo?"

"Kwenye kopo la chumvi."

"Mwizi gani anayejua ufunguo umo kwenye chumvi?" Anderson aliuliza, taratibu, kwa upole. "Afande, wewe ni mtu wa sheria. Amua."

Sajenti akarudisha ufunguo wa pingu mfukoni. Hakuonekana kufurahi. "Aliyetumia cheti cha mtu ana kesi," alisema. "Na aliyekitoa kitumike ana kesi hiyo hiyo. Kama hakuna anayejua kilitokaje, basi wote wawili wataingia kwenye difenda. Huko mbele watajuana."

Mika aliinamisha kichwa. Hakulia wala hakubisha. Alikuwa anafikiri, Esnath alimwona, anarudi nyuma siku moja moja, anatafuta utingo, anatafuta mgeni, anatafuta mtu yeyote wa kumshuku asiye wa nyumbani kwake.

Na Anderson akatabasamu.

Hakumtabasamia bosi, wala sajenti. Alimtabasamia Esnath. Watu wawili tu duniani walijua cheti kile kilivyotoka sandukuni, na wote wawili walikuwa wamesimama kwenye uwanja ule. Huo ndio mkono aliomshika nao miezi yote hii. Ndiyo sababu hakuwa na hofu alipomwona anasoma kitambulisho. Anyamaze, mumewe aende jela. Aseme, aende yeye, na mume asimtazame tena. Kwa vyovyote Anderson hangeingia kwenye difenda peke yake.

"Muulizeni basi mkewe," alisema kwa sauti, akikunja leso yake vizuri. "Shemeji leo amepata ulimi. Atuambie, cheti kilitokaje?"

Uwanja mzima ukamgeukia Esnath. Mika naye akainua kichwa.

Angeweza kusema utingo. Mama mkwe angeapa kwa ajili ya utingo. Angeweza kusema hajui. Angeweza kulia, watu wangemhurumia, maana ni mwanamke mnyonge wa kandambili moja, na hakuna aliyemtegemea zaidi ya hapo.

Lakini alimtazama Anderson akikunja ile leso. Pembe kwa pembe. Kama mtu aliyeshiba.

Akampita Mama Fidelia. Akamfikia sajenti, akanyoosha mkono wake wa kulia, ule wa mkasi.

"Afande, mfungue mume wangu," alisema. "Pingu ina pande mbili. Upande mmoja nifunge mimi, upande wa pili mfunge shemeji. Nikae naye ubavuni humo kwenye difenda, nikueleze kila neno aliloniambia, asipate nafasi ya kulipindisha."

Leso ilimdondoka Anderson.

Esnath hakumtazama tena. Aligeuka kwa Mika, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza kiasi kwamba hata wale wa nje ya geti waliisikia.

"Baba Timoth, ulisema hutahama Mafinga hata tule majani. Mimi ndiye niliyetaka kuhama. Nilichoka kukuona umekaa mlangoni unatazama barabara. Januari, siku uliyokwenda kupasua kuni kwa mwalimu, huyu alipita. Akasema nimpe cheti akutafutie kazi, nisikwambie, utakataa kwa sababu ya kiburi. Nikafungua kopo la chumvi. Nikampa kwa mkono huu, na fotokopi aliyoniletea nikaiweka mle kwenye bahasha. Na nimekula nawe sahani moja tangu siku hiyo, sijasema."